Imani ya Mteja Mbele ya Mnasihi

Nitasema nanyi juu ya kazi ambayo miaka hamsini nyuma ni wachache miongoni mwetu walioijua kwa jina, na ambayo leo hufanywa katika zahanati, shule, magereza na kambi za wakimbizi, nayo ni kazi ya unasihi. Sitaieleza kazi yote, kwa kuwa ni pana mno; nitasimama juu ya sehemu moja ambayo wenye kufunza huipitia upesi na wenye kutenda hukutana nayo kila siku, yaani dini na itikadi ya yule ajaye kuomba shauri.

Kabla unasihi haujawa kazi ya mshahara, mtu wa pwani aliyefikwa na dhiki alijua pa kwenda. Mwari alikuwa na somo yake. Mume na mke waliohasimiana walikuwa na wazee wa pande mbili. Mwenye wasiwasi alikwenda kwa shehe akasomewa, na mwenye maradhi yasiyofahamika alipigiwa ramli ili ijulikane asili yake. Bara nako walikuwako wazee wa ukoo, mapadri, wachungaji na waganga. Kisha ukaja UKIMWI, ambao katika Tanzania ulibainika mkoani Kagera mwaka 1983, na ndipo ilipodhihiri kwamba kumpa mtu habari ya damu yake mwenyewe, akaipokea wala asijitupe ziwani, kwahitaji ufundi ambao tabibu mwenye foleni ndefu mlangoni hana nafasi nao. Mwaka 1987 Bibi Noerine Kaleeba na wenziwe wakaasisi mjini Kampala chama cha TASO, ambacho kiliuweka ushauri nasaha bega kwa bega na tiba, na mwendo ule ukaenea katika nchi zetu zote. Hivyo kwetu unasihi ulikua kando ya kitanda cha mgonjwa, penye dua nyingi na mauti karibu, wala haukuwahi hata siku moja kuwa mbali na dini.

Lakini vitabu vya kufunzia vilitoka kwingine. Vilitoka Ulaya na Marekani, ambako kwa muda mrefu waganga wa nafsi waliitazama dini kwa shaka. Sigmund Freud, katika kitabu alichokitoa mwaka 1927, aliihesabu imani ya dini kuwa ni ndoto itokanayo na matamanio ya mwanadamu, na wengi waliomfuata waliona kwamba mteja anayemtaja Mungu anaficha jambo jingine. Ilipita miaka mingi kabla maoni hayo hayajalegea. Mwaka 1994 madaktari wa akili wa Marekani, katika toleo la nne la kitabu chao cha kuainisha maradhi, walitia fungu linalokiri kwamba mtu aweza kuwa na mushkili wa kidini au wa kiroho ambao si ugonjwa wa akili hata kidogo. Na mwaka 2016 chama cha madaktari wa akili cha dunia nzima kikatangaza kwamba habari za imani ya mgonjwa ziulizwe kama ziulizwavyo habari zake nyingine, tena kwamba tabibu asikitumie cheo chake kumvuta mgonjwa katika dini, wala kumvuta atoke ndani yake.

Maneno hayo ni ya insafu, nami nayakubali yote. Hata hivyo naona kwamba vitabu vyetu vimeshika nusu ya kwanza na kuiacha ya pili, na nusu ya pili ndiyo dawa yetu. Katika nchi ambako mwalimu wa saikolojia yamkini hajaingia nyumba ya ibada tangu utoto wake, hatari iliyopo ni kuisahau imani ya mteja. Kwetu hatari ni kinyume chake. Mnasihi wetu aghalabu ni mtu wa ibada, hufungua kikao kwa dua na kukifunga kwa mawaidha, wala hana nia mbaya hata chembe. Hufanya hivyo kwa kuwa ndivyo kila kikao katika nchi zetu kifunguliwavyo, kiwe cha harusi, cha msiba au cha wazazi wa shule. Basi na atazame nini kimetendeka. Kijana aliyekuja kusema kwamba imani yake imepungua, au kwamba anakunywa pombe kwa siri ilhali baba yake ni imamu, au msichana aliyeshika mimba naye ni mwimbaji wa kwaya, amekwisha kusikia katika dakika ya kwanza kwamba chumba hiki nacho ni cha baraza lile lile ambalo hukumu yake anaiogopa. Atasema nini? Atasema kwamba hapati usingizi. Atapewa shauri la usingizi, ashukuru, atoke, na lililomleta litoke pamoja naye.

Kwa sababu hiyo nathubutu kusema neno ambalo huenda likawashangaza baadhi yenu: mnasihi aliye wa dini moja na mteja wake yumo katika hatari kubwa kuliko aliye wa dini nyingine. Aliye wa dini nyingine huuliza, kwa kuwa hajui na anajua kwamba hajui. Aliye wa dini moja hudhani amekwisha kujua, na dhana yake humfunga mdomo asiulize. Waislamu wawili wa mtaa mmoja waweza kuwa mmoja wao hana faraja impendezayo kama hitima ya marehemu mamaye na maulidi ya kila mwaka, na wa pili ayaone mambo hayo ni bidaa ya kuepukwa. Wakristo wawili wa kijiji kimoja waweza kuwa mmoja amelelewa katika utulivu wa kanisa la wamisionari, na mwingine huona kwamba kila homa ina pepo wake na kila pepo ana jina lake. Mnasihi anayejisemea moyoni kwamba huyu ni ndugu yangu katika imani, namfahamu, hataligundua jambo hilo. Atamfariji mfiwa kwa namna inayomfariji yeye mnasihi.

Nichukue mfano wa mke anayepigwa na mumewe, maana hapo ndipo nilipoona madhara makubwa zaidi. Mke huyo huja, mara nyingi baada ya miaka, na mara nyingi akiwa amekwisha kushtaki kwa wazee wa nyumbani na wa msikitini au kanisani. Na mnasihi, kwa kutaka kumliwaza, humwambia kwamba Mungu yu pamoja na wanaosubiri, kwamba ndoa ni agano, kwamba amwombee mumewe. Hajui kwamba ametoa fatwa. Wala hajui kwamba fatwa aliyoitoa ni nzito kuliko sheria ya dini yenyewe, maana mbele ya kadhi, huko Zanzibar na Kenya ambako mahakama za kadhi zimo katika sheria za nchi, mke aliyedhuriwa ana njia ya kuomba ndoa ivunjwe kwa faskhi. Na Kanisa Katoliki, ambalo halikubali talaka, sheria zake zinamruhusu mwenye kutendewa ukatili na mwenziwe kuishi mbali naye. Mwanamke yule alikuwa na mlango ndani ya dini yake mwenyewe, na aliyeufunga ni mtu asiye kadhi wala askofu, mwenye cheti cha unasihi mkononi na moyo wa huruma kifuani.

Wala sisemi kwamba mnasihi atoe fatwa nyepesi mahali pa ile nzito. Kosa lingekuwa lile lile. Kazi yake ni kuuliza: wewe mwenyewe waelewa dini yako yataka nini hapa, nani alikufundisha hivyo, na yuko mwenye elimu unayemwamini ambaye ungependa kumwuliza? Akiisha kuuliza hayo, na akiisha kuhakikisha kwamba mke huyo anapo pa kulala salama usiku wa leo, ampeleke penye elimu. Wako mashehe na mapadri ambao wamefanya kazi njema kabisa na wanasihi kwa njia hiyo, na mnasihi apaswa kuwajua kwa majina yao, na kuwajua vilevile wale ambao hawafai kupelekewa mtu aliyejeruhiwa.

Sasa nije kwenye jambo la majini na mashetani, ambalo wageni hulitaja kwa mshangao na wenyeji hulikwepa kwa haya. Unguja na Pemba watu huyajua mashetani kwa makabila: wako ruhani, ambao husemwa kuwa ni Waislamu wa Uarabuni wapendao udi na marashi, wako rubamba wa Pemba, wako kibuki waliotoka Bukini, ndiyo Madagaska. Mwanamke huja kwa mnasihi, au huletwa na jamaa zake, nao husema kwamba ana ruhani na ndiye amtesaye. Mnasihi aliyesoma vitabu vya ng'ambo hutabasamu moyoni na kuandika katika faili jina la ugonjwa. Mnasihi aliyelelewa katika uoga wa majini hushtuka, naye huanza kusoma aya au kukemea. Wote wawili wameshindwa, kwa kuwa wote wawili wamelihukumu swali la kuwako kwa jini, hali hakuna aliyewaomba walihukumu.

Aliyeketi mbele yao ana habari nyingi zinazongojea mtu wa kuuliza. Shetani huyo alianza lini, na siku ile nyumbani palikuwa na nini? Ni wa urithi, aliwahi kumpanda bibi au shangazi? Hutaka nini, pete, kanga, ngoma, au kutosogelewa na mume? Na anapopanda, husema maneno gani ambayo mwenyewe, akiwa na fahamu zake, hawezi kuyatamka mbele ya wakwe? Katika maisha ya mke ambaye hana ruhusa ya kukasirika, mara nyingi shetani ndiye mwenye ruhusa hiyo, na asiyemsikiliza shetani hatamsikia mke. Hayo yote huulizwa kwa adabu pasipo mnasihi kukiri lolote wala kukana lolote. Na akiulizwa waziwazi iwapo yeye mwenyewe aamini, ajibu kwa ufupi na kwa ukweli, kisha amrudishie mwenye habari habari yake.

Iko hadhari moja ambayo heshima isiifunike. Mama aliyejifungua siku chache zilizopita anayesikia sauti ikimwamrisha amdhuru mtoto, mtu mwenye homa kali aliyeanza kupayuka, kijana aangukaye na kutoka povu kinywani, hao wapelekwe hospitali siku ile ile, maana malaria iliyopanda kichwani na kifafa havingoji mazungumzo. Aendaye hospitali hakukatazwa kusomewa. Shehe aweza kumsomea kando ya kitanda, na kombe, yaani maji ya aya zilizoandikwa, laweza kunywewa pasipo kuacha vidonge. Lakini mgonjwa kufungwa minyororo, kupigwa ili pepo atoke, au kufukizwa moshi hadi akakosa pumzi, hayo hayaingii katika mlango wa heshima kwa imani, na mnasihi anayeyanyamazia ameshiriki.

Namna hii ya kuoanisha tiba na imani si zao la wazungu wala si uzushi wa leo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslaha ya miili na nafsi ambamo aliwalaumu matabibu kwa kuushughulikia mwili na kuisahau nafsi, akaeleza jinsi fikira njema na maneno ya mwingine yanavyotibu huzuni na woga. Naye aliyasema hayo akiwa Mwislamu na mwanafalsafa kwa pamoja. Na hapa Afrika, Daktari Thomas Lambo, kuanzia mwaka 1954 huko Aro karibu na Abeokuta nchini Nijeria, aliwaweka wagonjwa wa akili katika vijiji pamoja na jamaa zao, akawaita waganga wa jadi wafanye kazi pamoja naye, wala udaktari wake haukupungua kwa hilo. Tanzania nayo iliwawekea waganga wa tiba asili sheria yao mwaka 2002. Kinachosalia ni mnasihi kuutoa uganga katika orodha ya mambo ambayo mteja analazimika kuyaficha.

Maana kuficha ndiko kunakoua. Kumbukeni Loliondo. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walikwenda katika kijiji cha Samunge kwa Mzee Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, aliyesema kwamba Mungu alimfunulia ndotoni dawa ya mizizi iponyayo maradhi sugu, naye akaitoa kwa kikombe kimoja kwa shilingi 500. Magari yalipangana kwa kilomita nyingi. Walikwenda maskini na matajiri, Waislamu na Wakristo, wasomi na wasiojua kusoma. Miongoni mwao walikuwamo waliokuwa wakitumia dawa za kupunguza makali ya UKIMWI, na baadhi yao waliziacha, kwa kuwa waliona kuendelea na vidonge baada ya kikombe ni kukosa imani. Mzee mwenyewe amekwisha kufariki, mwaka 2021, nami simsemi kwa ubaya.

Nawafikiria wanasihi wa kliniki wa siku zile. Mteja anakuja na kadi yake, anasema, mama, nimepata nauli ya Loliondo. Kumkemea kulikuwa rahisi. Lakini anayekemewa huenda kimya, hurudi kimya, na vidonge huviacha kimya, na hakuna wa kumwuliza. Kumsifu kulikuwa rahisi vilevile, hasa kwa mnasihi ambaye naye alikuwa akitafuta nauli. Njia ya tatu ilikuwa ngumu, nayo ndiyo niionayo kuwa ya haki: kumwambia kwamba safari ni yako na imani ni yako, wala sitakuzuia, nakuomba mambo mawili, usiviache vidonge ukiwa njiani wala ukirudi, na njoo tukupime damu kisha tutazame pamoja. Kama Mungu ameponya, damu itasema. Mteja aliyeambiwa hivyo hakuvunjiwa imani yake wala hakudanganywa juu ya damu yake, na zaidi ya yote aliachiwa mlango wa kurudia bila aibu.

Upo hata hivyo mpaka ambao mbele yake unasihi hauna haki ya kusema safari ni yako. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wakiwamo watoto, ya watu ambao inaelezwa walifundishwa kwamba wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Na baadhi ya waliookolewa wakiwa hai walikataa kula. Kesi imo mikononi mwa mahakama nami siingii humo. Nasema tu kwamba mtu mzima aweza kujinyima kwa ajili ya imani yake mambo mengi ambayo wengine hatuyaelewi, lakini mtoto hana itikadi ya kufa kwa njaa, ana njaa. Mnasihi anayesikia chumbani mwake kwamba mtoto ananyimwa chakula au dawa kwa jina la Mungu, siri haimfungi tena, naye apaswa awe amemwambia mteja tangu siku ya kwanza, kwa lugha nyepesi, kwamba siri yao ina ukingo na ukingo wenyewe ni uhai.

Na vipi juu ya walionusurika? Mama aliyemzika mwanawe kwa mikono yake akiamini anampeleka peponi, ukimvunjia imani ile kwa siku moja umemwachia nini? Umemwachia kaburi lisilo na maana, na nafsi yake mwenyewe ikiwa mshtakiwa. Kwa mtu huyo sijui kazi nyingine ya mnasihi ila kukaa naye muda mrefu, amfuate kwa mwendo wake, asiitukane imani iliyomfikisha pale wala asiihami, na asiharakishe kumpa imani nyingine hata iwe ndiyo imani njema ya mnasihi mwenyewe. Kenya ilitunga mwaka 2014 sheria ya washauri na wanasaikolojia, inayotaka wasajiliwe na kuwajibika. Huzuni za namna hii ndizo zinazoonyesha kwa nini kazi hii haifai kuachiwa kila mwenye moyo mwema.

Itaulizwa, je, mnasihi azime imani yake? La. Hawezi, wala hatakiwi. Atakiwa aijue vema kiasi cha kutambua wakati inapotaka kusema badala ya mteja, na akiona inamshinda, amweleze mwenye kumsimamia kazi yake, siyo kumfukuza mteja. Kanuni za chama cha washauri wa Marekani za mwaka 2014 zinamkataza mshauri kumhamisha mteja kwa sababu tu ya kukhitilafiana naye katika maadili na itikadi, na naona sawa. Maana mtu aliyekataliwa na msikiti wake au kanisa lake, akakataliwa tena na mnasihi, hatabisha mlango wa tatu. Na mteja akiomba, niombee, wako wanaosema ni haramu kabisa katika kazi na wako wanaorukia nafasi hiyo kwa furaha. Mimi nasema mteja aombe mwenyewe kwa maneno yake, mnasihi akae kwa adabu. Kwa kuwa dua ya mteja itasema hofu yake ilipo, na dua ya mnasihi itasema ya mnasihi.

Nimalizie kwa jambo dogo la karatasi. Katika fomu nyingi za kumpokea mteja pana mstari mmoja umeandikwa Dini, na mbele yake huandikwa neno moja, Mwislamu au Mkristo, basi. Mstari ule haukusaidia mtu. Ningependa mahali pake mnasihi aulize kwa mdomo: katika dhiki hii, ni nini kinachokutia nguvu, je, imani yako inakufariji au inakuelemea, na yuko mtu wa dini, shehe, padri, mchungaji au mganga, ambaye ungependa ajue kwamba umekuja hapa, au ambaye hungependa ajue kamwe? Jibu la swali hilo la mwisho liandikwe kwa wino mzito. Miji yetu ni midogo, mnasihi na imamu huenda ni mtu na shemegi yake, mchungaji huenda ndiye mwenyekiti wa kamati ya zahanati, na wote watauliza kwa nia njema hali ya yule mgonjwa wetu inaendeleaje. Ikiwa mteja ameridhia, mnasihi ampigie shehe simu, washauriane kama watu wawili wenye kumtakia mtu mmoja kheri, naye amwambie mteja yaliyosemwa. Asiporidhia, simu hiyo haipigwi, na shemegi atajibiwa kwa salamu na habari za watoto.